Mizizi, Bomba na Shimo la Kunyonya: Tunajibu Maswali Yenu

Mvua ya masika ikikaribia, kila mtu anatafuta miche. Safari hii barua nyingi zimetoka mahali, ndani na kandokando ya Nairobi, ambapo nyumba nyingi hazijaunganishwa na mfereji wa maji taka wa jiji: Ruai, Utawala, Kitengela, Rongai, Karen. Huko ploti nyingi zina septiki, yaani tangi la maji taka, na kila septiki ina bomba linalopita chini ya bustani kupeleka maji kwenye shimo la kunyonya, ambamo hupenya udongoni. Tumechagua barua zinazogusa mambo ambayo wengi wameuliza.

Nyumba yetu iko kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Septiki iko nyuma, na shimo la kunyonya liko karibu na ukuta wa jirani. Nataka kivuli na kitu cha kunizibia macho ya wapita njia. Nipande nini, na umbali gani? (Mama wa watoto wawili, Ruai)

Mama, kabla hujaenda kununua miche, chukua futi kamba upime. Ploti yako ina upana wa mita 15 na urefu wa mita 30. Sasa linganisha: mkaratusi, mgumo, fikasi, mjakaranda, Nandi flame na mvinje ni miti inayotaka angalau mita 15 kutoka septiki, na zaidi ya hapo ikiwezekana. Hiyo ni ploti yako nzima kwa upana. Ukiipeleka mbele kabisa langoni utakuwa umeiepusha septiki yako, lakini utakuwa umeisogeza kwenye ya jirani, maana mizizi haijui ukuta wa mawe. Kwa ploti ya ukubwa huo, miti hiyo haina nafasi. Hata grivelia, ambayo wakulima huipenda kwa sababu haisumbui mimea ya kando sana, hupita mita 20 kwa urefu. Iache shambani.

Kanuni tunayoitumia ni hii: mti ukae mbali na septiki kwa umbali usiopungua urefu utakaofikia ukikomaa. Na unapopima, usipime kutoka kwenye mfuniko wa tangi. Pima kutoka ukingo ulio karibu zaidi wa tangi, wa shimo la kunyonya, au wa bomba lenyewe. Bomba ndilo husahaulika, na ndilo mizizi hulifikia kwanza kwa kuwa halikuzikwa chini sana. Kati ya manholi mbili (mashimo ya ukaguzi yenye mifuniko) bomba linapaswa kwenda moja kwa moja, kwa hivyo nyoosha kamba kutoka manholi moja hadi nyingine, mwaga chokaa juu ya mstari huo, upige picha. Picha hiyo itakuokoa siku fundi mwingine atakapokuja na sururu.

Juu ya mstari wa chokaa na mita 2 kila upande, weka nyasi na maua madogo tu. Kuanzia mita 3, rozmeri, lavenda, waridi na duranta inayopogolewa havina shida. Mita 4 hadi 6 unaweza kuweka mlimau, mpera au botolibrashi, na hiyo botolibrashi ndiyo tungekuchagulia kwa kivuli cha mbele ya nyumba: haiwi kubwa kupita kiasi, na ikishakomaa inavumilia kiangazi. Kwa upande wa kuzuia macho, weka fito au waya kwenye ukuta ulio mbali na septiki upandishe mpasheni. Bogenvilia nayo inapendeza, ila shina lake hunenepa na mizizi yake ni ya nguvu, kwa hivyo iwe mita 4 au zaidi.

Jambo moja zaidi kwa sababu uko Ruai. Udongo wenu mweusi wa pamba huvimba mvua ikinyesha na husinyaa kiangazi hadi nyufa zinameza mkono. Bomba lililolazwa moja kwa moja juu ya udongo huo husukumwa juu na chini kila mwaka, na viungo vyake hulegea. Kisha kiangazi kinapokaza, kitu pekee chenye unyevu ardhini kinabaki kuwa hilo bomba. Mizizi hufuata nyufa hadi pale. Mti mkubwa ukiwa karibu na nyumba hufanya jambo baya zaidi, kwani hunyonya maji ya udongo chini ya msingi, udongo unasinyaa upande mmoja, na ukuta unapasuka. Watu wa Runda na Kiambu wenye udongo mwekundu wana unafuu hapo. Nyinyi hamna.

Mteja ananiambia mizizi ilitoboa bomba la PVC la inchi 4. Mimi sikubali. Nani yuko sawa? (Plamba, Githurai)

Fundi, uko sawa kwa sehemu kubwa, lakini usimcheke mteja, maana huenda kosa liko kwa fundi aliyetangulia.

Mzizi hautoboi bomba zima. Unaingia palipo na mwanya tayari. Mvuke na maji kidogo vinapotoka kwenye kiungo kibovu, udongo wa hapo unabaki na unyevu, na mizizi inayoguswa na unyevu huo inakua kuelekea huko. Unaoingia ni mwembamba kama uzi. Ndani ya bomba unakuta maji, naitrojeni na hewa, vyote mahali pamoja, na unaanza kutoa matawi. Ukifungua bomba kama hilo utaona kitu kama brashi ndefu ya kahawia iliyolala kufuata mtiririko, imeshika karatasi za chooni na mafuta ya jikoni. Nje, pale kwenye kiungo, mzizi uleule umenenepa na sasa unapanua mwanya. Hapo ndipo mteja anaona mzizi mnene kama kidole ukiwa ndani ya PVC na kudhani ulitoboa.

Mahali pa kuangalia kwanza si katikati ya bomba. Angalia pale bomba linapoingia kwenye ukuta wa manholi au wa tangi. Saruji haishiki PVC. Ukijenga mawe na kupiga plasta kuzunguka bomba laini, saruji ikikauka inajitenga na kuacha upenyo mwembamba wa mviringo, na huo ni mlango. Dawa yake ni rahisi na mafundi wengi huiruka: paka gundi ya PVC kwenye sehemu itakayokaa ndani ya ukuta, ivingirishe kwenye mchanga safi uliokauka, iache ishike, ndipo ujengee. Mchanga ule ndio utakaoshikana na saruji.

Kwa viungo vingine: safisha ncha, kwangua makali baada ya kukata na msumeno, sukuma hadi mwisho, na mdomo mpana wa bomba uelekee kule maji yanakotoka. Mteremko uwe sentimita 2.5 kwa kila mita. Laza juu ya mchanga au murram laini, isiwe juu ya mawe, na kwenye udongo mweusi chimba zaidi ili tabaka hilo la chini liwe nene. Kabla hujafukia, ziba mwisho wa chini, jaza maji hadi yaonekane kwenye manholi ya juu, weka alama, ungoja nusu saa. Maji yakishuka, kuna kiungo kinachovuja, na ukifukia hivyo utaitwa tena.

Katika nyumba za zamani utakutana na mabomba ya udongo wa kuchoma, mafupi, yaliyounganishwa kwa saruji. Hapo kila kiungo ni mwaliko. Usihangaike kuziba kimoja kimoja. Badilisha mstari mzima.

Nimeambiwa nimwage kilo 2 za mrututu (kemikali ya shaba) chooni ili kuua mizizi. Mwingine anasema chumvi inatosha. (Msomaji, Utawala)

Usimwage chochote kati ya hivyo viwili. Mrututu unaua mizizi, hilo ni kweli, lakini shaba iliyomo inaua pia bakteria wanaosaga kinyesi kwenye tangi. Bakteria wakipungua, uchafu mgumu unajaa haraka na kuanza kupita hadi shimo la kunyonya, na shimo likishaziba kwa uchafu mgumu gharama yake si ya mrututu tena. Shaba yenyewe haiozi. Inabaki kwenye udongo wako.

Chumvi nayo, kwa kiasi cha kuua mizizi, inadhuru bakteria walewale na inaharibu udongo wa mfinyanzi: chembe zake zinajitenga na kuziba vinyweleo, maji hayapiti. Mwenye udongo mweusi anayemwaga chumvi anaziba shimo lake kwa mikono yake.

Na hata kama dawa ingefanya kazi, mzizi uliokufa bado umekaa ndani ya bomba hadi uoze. Mwite plamba mwenye vijiti vya kuzibua vyenye kisu cha mizizi, auondoe, kisha atafute kiungo ulikopitia na kukibadilisha. Kukata bila kubadilisha kiungo ni kama kupogoa ua: mzizi uliokatwa hurudi na matawi mengi zaidi.

Shimo letu la kunyonya linafurika kila Aprili. Jirani amenishauri nipande mikaratusi minne kulizunguka ili inywe maji. (Baba, Kitengela)

Baba, wazo hilo linaonekana kuwa na mantiki, ndiyo maana limeenea sana. Mkaratusi hunywa maji mengi kweli. Lakini unayanywa kiangazi, wakati shimo halina taabu. Aprili, mawingu yakiwa yamefunga na udongo umeloa, mti hupumua maji kidogo, na mvua inaongeza mengi kuliko unavyoweza kuondoa. Kwa miaka miwili ya kwanza mche hautakusaidia chochote, na kufikia mwaka wa sita mizizi itakuwa imesukuma mawe ya kuta za shimo na kunyanyua slabu ya juu. Mashimo mengi yamejengwa kwa mawe yasiyo na saruji ili maji yapenye, kwa hivyo hakuna kinachouzuia mzizi kuingia.

Tafuta kwanza kwa nini linafurika. Siku lori la kunyonya maji taka litakapokuja, simama pale uangalie bomba la kutokea la tangi. Tangi likishapungua, maji yakianza kurudi nyuma kutoka shimoni kuingia tangini, basi shimo limejaa na udongo hauyapokei. Yasiporudi, na tangi bado lilikuwa limejaa hadi juu ya bomba la kutokea, basi kizuizi kiko kwenye bomba kati ya viwili hivyo, na mizizi ni mshukiwa wa kwanza.

Kama ni shimo, angalia maji ya paa yanakwenda wapi. Ukikuta gata zinamwaga karibu na shimo, au mbaya zaidi zimeunganishwa kwenye manholi, umepata nusu ya jibu. Yapeleke kwenye tangi la maji ya mvua au kwenye mtaro wa barabarani. Chimba kimfereji upande wa juu wa shimo kuzuia maji ya uwanjani. Chunguza tangi la maji lililo juu ya choo: dondosha rangi ya chakula ndani, usivute maji kwa nusu saa, na rangi ikionekana kwenye bakuli, maji yanavuja mchana na usiku kuelekea septiki.

Yakishafanyika hayo na bado linafurika, udongo wenyewe ndio umekataa. Jaribu hivi: chimba tundu la sentimita 30 kwa 30 mahali unapofikiria kuongeza mtaro, lijaze maji jioni, asubuhi lijaze tena kwa kina cha sentimita 15, na upime yanavyoshuka kila nusu saa. Yakishuka chini ya sentimita 1 kwa saa, usichimbe shimo jingine lenye kina, utakuwa unachimba kisima cha maji machafu. Mwite mhandisi akupimie tuta lililoinuliwa kwa mchanga na kokoto.

Je, mgomba? Na ovakado? Bibi yangu alikuwa na ndizi kubwa ajabu kando ya choo. (Msomaji, Rongai)

Bibi alijua alichokuwa akifanya. Mgomba hauna mizizi ya mti. Ni laini, haipanuki na kuvunja bomba, na majani yake mapana hutoa maji mengi hewani. Tunda liko juu, mbali na udongo. Uweke mita 3 kutoka ukingo wa shimo la kunyonya, kamwe usiwe juu ya slabu, na uache mashina matatu tu kwa kila kishina: mama, binti na mjukuu. Ukiacha machipukizi yatembee, baada ya miaka michache yatakuwa juu ya manholi. Ndizi iliyoanguka na kugusa udongo ulioloa, ioshe vizuri kabla ya kumenya.

Ovakado ni kinyume kabisa. Watu wanaogopa ovakado itaharibu septiki, na ni kweli ni mti mkubwa, lakini septiki ndiyo itakayomaliza ovakado kwanza. Mizizi yake haivumilii udongo usiokauka. Vimelea vya kuozesha mizizi huingia, majani yanapauka na kupungua kuanzia kileleni, na mti unakufa huku mwenyewe akiongeza maji akidhani ni ukame. Mita 10 na mahali palipoinuka. Mpapai na michungwa pia huoza mizizi ikikaa kwenye maji, ingawa michungwa inatosheka na mita 4 au 5 kama udongo unapitisha maji.

Sukuma wiki na dania juu ya shimo la kunyonya? (Wengi mmeuliza)

Hapana. Mayai ya minyoo huishi udongoni kwa miezi mingi, hata zaidi ya mwaka, na shimo likifurika mara moja yanabaki juu. Mvua ikipiga, matope yanarukia majani. Dania tunailaga mbichi. Sukuma, managu, terere, karoti, vitunguu: vyote vipandwe mbali na shimo, tena upande wa juu wa mteremko. Kama nafasi ni ndogo, panda kwenye magunia kwa udongo uliotoka kwingine, juu ya sakafu ngumu.

Tumenunua nyumba yenye mjakaranda mkubwa mita 4 kutoka septiki. Kila mtu anasema tuukate. Tunaupenda. (Mume na mke, Karen)

Msiukate kwa maneno ya watu. Fungueni manholi zote kwanza, kuanzia ya karibu na nyumba. Choo cha chini kikikoroma mnapovuta maji ya juu, au mstari wa nyasi za kijani kibichi ukionekana Februari juu ya bomba wakati uwanja mzima umekauka, kuna kuvuja. Manholi yenye maji yaliyosimama ikifuatiwa na nyingine iliyo kavu inawaambia kizuizi kiko kati ya hizo mbili. Kama zote ziko safi na tangi halina nyufa, mti huo haujafanya kosa. Kagueni kila mwaka kabla ya masika.

Kama mizizi imeingia kwenye bomba, badilisheni bomba hilo, kisha wekeni kizuizi. Mtaro wa kina cha mita 1, upana wa sepetu, upande wa septiki na si karibu na shina. Msikate mizizi minene ndani ya umbali wa mara 5 ya unene wa shina: shina la sentimita 50, msisogee chini ya mita 2.5, la sivyo mti utaangushwa na upepo, pengine juu ya nyumba. Ndani ya mtaro simamisheni plastiki nene ya kutandika mabwawa, karatasi nyepesi ya nailoni ya gauge 1000 haitoshi. Maungio yapishane sentimita 30, na ukingo wa juu utokeze sentimita 5 juu ya udongo, la sivyo mizizi ya juujuu itauruka. Kizuizi hiki kitalinda bomba lisilo na kina. Shimo la kunyonya lenye kina cha mita 4 hakitalilinda, kwa kuwa mizizi itapita chini yake.

Ikiwa ni tangi lenyewe limepasuka, hapo ni mti au tangi. Kuhamisha tangi ni ghali lakini kunawezekana Karen, kwenye ploti kubwa. Mkiamua kukata, ombeni kibali cha kaunti kwanza. Siku ya kukata, kisiki kipakwe dawa ya kuua magugu papo hapo kikiwa kibichi, kwa sababu mjakaranda huchipua. Mkaratusi vilevile.

Na kwa yeyote anayesoma hili: mizizi ikionekana ndani ya tangi, mtu asishuke kuikata. Si kijana wa kazi, si fundi aliyejifunga kitambaa puani. Hewa ya mle ndani huangusha mtu kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Tangi linyonywe, mizizi ikatwe kutoka juu kwa msumeno wa mpini mrefu, na mfuniko urudishwe siku hiyohiyo.

Nyasi gani ni salama juu ya bomba? (Msomaji, Syokimau)

Paspalum. Nyasi ya Kikuyu inapendeza lakini inatambaa kwa nguvu na mizizi yake huenda chini sana. Ikiwa viungo ni vibovu itaingia. Usiweke mashine ya kumwagilia ya kuzunguka juu ya shimo la kunyonya, na usilifunike kwa kabro ili kupata pa kuegesha gari, isipokuwa slabu ilipigwa kwa ajili ya uzito huo.

Mimi nina bayodaijesta, si septiki. Haya yananihusu? (Msomaji, Juja)

Yanakuhusu yote. Bayodaijesta ni tangi dogo zaidi la kuozesha maji taka, lakini maji yake bado yanatoka kwa bomba na kuingia ardhini. Kwa kuwa maji hayo hutoka kila siku na mtaro wake mara nyingi hauna kina, ongeza mita 1 kwenye umbali tuliotaja kwa vichaka, na umwambie aliyekujengea akuonyeshe mtaro unapoishia kabla hujachimba shimo la mche wa kwanza.